Ardhi, Sheria na Kiti cha Bunge: Nani Amevaa Kofia Tatu?

Katika kata ya Mbangala, wilayani Songwe, kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na wenyewe watatu kwa wakati mmoja. Yupo aliyekirithi kwa baba yake na anakilima mahindi na ufuta. Yupo mfugaji aliyeteremka na ng'ombe wake kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, akapokewa na serikali ya kijiji na kuonyeshwa pa kuchungia. Na yupo mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, ambaye karatasi yake inampa dhahabu iliyo chini ya mahindi na malisho yale. Hapa ni ndani ya uwanda wa dhahabu wa Lupa, unaochimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo duara jipya la wachimbaji likianza kutoa, habari hufika Chunya na Mbeya kabla mwenye shamba hajamaliza palizi. Kila mmoja kati ya hao watatu ana haki fulani mbele ya sheria. Lakini haki hizo zikigongana, anayeshinda mara nyingi ni yule aliye karibu zaidi na ofisi inayotoa karatasi, na yule anayemjua anayeweza kuisoma.

Kwa hiyo suala la ardhi nalitazama kwa jicho la watu kwanza. Ardhi yenyewe haina kauli. Wanaoisemea ni wa aina tatu: anayeimiliki, anayeitungia sheria, na anayeifasiri sheria hiyo mahakamani. Kazi hizi tatu zikiwa mikononi mwa watu mbalimbali, mnyonge hupata upenyo. Mtu mmoja akivaa kofia zote tatu, upenyo unazibika, na unaweza kubaki umezibwa kwa vizazi. Afrika Mashariki tumewahi kuwa na watu wa namna hiyo, na Tanzania ilichukua hatua za makusudi kuwazuia wasizaliwe. Nitaeleza kwa nini naamini hatua hizo zilikuwa sahihi, na kwa nini ziliishia nusu ya njia.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, huko Wales, magharibi ya Uingereza. William Williams alizaliwa kisiwani Anglesey mwaka 1634, mtoto wa kasisi. Alisoma Oxford, kisha akajifunza uwakili London katika chuo cha mawakili cha Gray's Inn. Mwaka 1664 alimwoa mrithi wa shamba la Glascoed, na faida ya uwakili ikamwezesha kununua shamba jingine kubwa, Llanforda. Mwaka 1675 aliingia bungeni kuuwakilisha mji wa Chester, na miaka mitano baadaye akawa Spika. Ardhi ilimpa hadhi ya kugombea, uwakili ulimpa fedha ya kuongeza ardhi, na bunge lilimpa sauti juu ya sheria zilizolinda vyote viwili.

Siasa zilimgeuka. Akiwa Spika aliidhinisha kuchapishwa kwa waraka uliowachukiza wakubwa wa kifalme, na mwaka 1686 mahakama ikamtoza faini ya pauni 10,000, fedha iliyotosha wakati huo kumfilisi mtu wa kawaida na wajukuu zake. Williams hakufilisika. Alipunguziwa, akalipa 8,000, akapatana na mfalme aliyekuwa akimpinga, na mwishoni mwa 1687 akateuliwa mwanasheria wa Taji. Mwaka uliofuata ndiye aliyesimama mahakamani kuwashtaki maaskofu saba waliokataa amri ya mfalme huyo. Maaskofu waliachiwa huru katikati ya shangwe za watu, mfalme akapinduliwa kabla mwaka haujaisha, na Williams akarejea bungeni kana kwamba hakuna lililotokea. Alifariki mwaka 1700 akiwa na mashamba yake yote. Mjukuu wake alirithi mali ya Wynnstay mwaka 1719, na ukoo wao, Williams-Wynn, ukaja kuwa mmiliki mkubwa kuliko wote nchini Wales, wenye zaidi ya eka 100,000.

Ninachokiona katika maisha hayo ni tofauti ya uzito kati ya kofia tatu. Ya siasa ilianguka mara mbili au tatu. Ya sheria ilichafuka. Ya ardhi haikutikisika, na ndiyo iliyomrudishia zile nyingine kila zilipodondoka. Ukoo ule ulishika kiti cha ubunge cha Denbighshire kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mpangaji aliyelima shamba lao alipiga kura hadharani, mbele ya karani wa mwenye shamba, na asingeweza kumkataa bila kuhatarisha paa lake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1868, wapangaji kadhaa wa Wales walifukuzwa mashambani kwa sababu ya kura zao tu, na vilio vyao vilichangia sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872. Mwaka 1885 Williams-Wynn wa zama hizo aliangushwa. Aliyemwangusha alikuwa George Osborne Morgan, wakili asiyekuwa na mashamba ya kutishia nayo mtu. Huyu alikuwa na kofia mbili tu, na wapiga kura walijua hawezi kuwafukuza majumbani mwao.

Tuje kwetu. Kenya ya walowezi ilijengwa na watu wa kofia tatu. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1902 iliruhusu Wazungu kugawiwa ardhi, na ile ya 1915 ikarefusha mikataba yao hadi miaka 999. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Waafrika walioishi katika ardhi ya Taji walikuwa wapangaji tu, wanaokaa kwa hisani ya mwenye mali. Mtu aliyezikwa babu yake pale akaambiwa na mahakama kwamba ni mgeni. Waliopitisha sheria hizo katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa, kwa sehemu kubwa, waleule waliokuwa na mashamba au marafiki wa wenye mashamba.

Humphrey Slade anafanana na yule Spika wa Wales kiasi cha kushangaza. Alizaliwa Uingereza mwaka 1905, akasoma Eton na Oxford, akaenda Kenya kufanya kazi ya uwakili na kulima. Mwaka 1952 alichaguliwa na walowezi wa Aberdare kuingia barazani, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, na akawa miongoni mwa wajumbe wa Kizungu waliodai mkono mkali zaidi dhidi ya Mau Mau. Mwaka 1960, baada ya mkutano wa Lancaster House kuonyesha kwamba utawala wa wengi unakuja, Spika aliyekuwapo, Ferdinand Cavendish-Bentinck, alijiuzulu kwa hasira ya mlowezi aliyejiona amesalitiwa. Slade alikalia kiti hicho. Uhuru ulipofika 1963 hakuondoka. Alichukua uraia wa Kenya na kuliongoza Bunge la Jomo Kenyatta hadi kipindi cha Bunge hilo kilipokwisha, na mwaka 1970 kiti kikaenda kwa Fred Mati.

Sitamhukumu Slade kwa neno moja, kwa sababu maisha yake yana pande mbili na zote ni za kweli. Mtu huyo aliyetetea mipaka ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu ndiye aliyepewa uenyekiti wa tume ya sheria ya mirathi mwaka 1967, na kazi ya tume ile ikazaa Sheria ya Mirathi ya mwaka 1972, ambayo kwa ujumla haikumtenga binti na kaka yake katika urithi. Mabinti wengi wa Kenya wamesimama mahakamani na sheria hiyo mkononi. Wakili mzuri anaweza kuifanyia haki kazi hata baada ya miaka ya kuifanyia kazi dhuluma. Lakini haki ya maskini isingojee wakili abadili moyo.

Dhuluma iliyodumu zaidi Kenya haikuja kwa bunduki. Ilikuja kwa daftari la usajili. Kuanzia mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ardhi ya Wakikuyu ilianza kuunganishwa, kupimwa na kuandikishwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Wakati huo maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, Manyani na Mwea, na waliobaki kijijini na kusikilizwa na kamati walikuwa machifu na wafuasi wa serikali. Mwaka 1957 kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika zilisimamishwa. Mwaka 1959 sheria ikafanya usajili wa kwanza kuwa wa mwisho. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, na kifungu chake cha 143 kikaweka jambo ambalo kila mkulima wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua: mahakama inaweza kurekebisha daftari palipo na udanganyifu au kosa, isipokuwa katika usajili wa kwanza. Kwa maneno mengine, aliyeiba mapema kuliko wote alilindwa kuliko wote. Aliyetoka kizuizini akakuta shamba lake lina jina la mwingine hakuwa na pa kulilia.

Kifungu hicho kilidumu hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2012. Kati ya miaka hiyo, 17 ilipita mikononi mwa Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu tangu 1963 hadi 1980. Njonjo alizaliwa mwaka 1920, mtoto wa Chifu Josiah Njonjo wa Kabete, na alifuzu uwakili London mwaka 1954. Alikuwa mwana wa tabaka lilelile la machifu ambalo usajili uliliweka salama. Nguvu zake hazikuwa za kawaida: mwaka 1976 wanasiasa walipotaka kubadili katiba ili Makamu wa Rais asirithi urais moja kwa moja, aliwanyamazisha kwa kutangaza kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai. Mwaka 1980 aliacha wadhifa huo akagombea ubunge wa Kikuyu, akawa waziri. Mwaka 1983 Rais Moi alimgeuka, tume ya Jaji Miller ikaundwa kumchunguza, na Desemba 1984 akasamehewa. Kiti cha bunge kilikwenda na wizara ikaenda. Aliishi kwa amani na ukwasi hadi Januari 2022, akiwa na miaka 101. Nilipoyatazama maisha hayo, nilimwona tena Williams wa Llanforda, faini yake na mashamba yake.

Kuna Mkenya mwingine ambaye napenda wasomaji wamjue zaidi ya wanavyoijua barabara ya Nairobi inayobeba jina lake. Clement Argwings-Kodhek, mtu wa Gem huko Nyanza, alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cardiff, katika Wales ileile ya akina Williams-Wynn, na huko akageukia sheria. Aliporejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa Mwafrika wa kwanza kufanya uwakili wa kujitegemea nchini humo. Hakuwa na shamba la kulinda. Kazi iliyompa jina ilikuwa ya kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau, wakati ambapo mashtaka yenyewe yaliweza kuishia kitanzini na wateja wengi hawakuwa na cha kumlipa. Mwaka 1955 alianzisha chama cha siasa cha Nairobi, serikali ilipowaruhusu Waafrika vyama vya wilaya pekee. Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri, na alikuwa na dhamana ya mambo ya nje alipofariki Januari 1969 baada ya ajali ya gari. Kwangu mimi yeye na Osborne Morgan ni ndugu: mawakili waliokwenda siasani wakiwa na elimu yao tu.

Uganda nitaipitia kwa haraka, ingawa inastahili makala yake. Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, waliojadiliana na Waingereza kwa niaba ya kabaka aliyekuwa bado mtoto ni machifu wakubwa wakiongozwa na Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kaggwa. Maili za mraba zipatazo 8,000 zikagawiwa kabaka, jamaa zake, machifu hao na wenzao. Wakulima waliozilima wakaamka wakiwa wapangaji. Ilibidi sheria ya mwaka 1927 ije kuweka kikomo cha kodi na kuwazuia wenye maili hizo kuwafukuza ovyo, na mvutano kati ya mwenye maili na mkaaji haujaisha mpaka leo.

Tanganyika ilipita njia nyingine, na sababu ya kwanza haikuwa wema wa mtu. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, na mtawala alitakiwa kuheshimu haki za wenyeji katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Gavana, na kwamba mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ikatambua kwamba haki ya kuitumia inamhusu pia mwenyeji anayekaa kwa mila zake. Mlowezi aliyetaka miaka 999 alikwenda Kenya.

Hata hivyo Gavana alibaki na kalamu, na mwaka 1951 kalamu hiyo iliwaangukia Wameru. Watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili mashamba ya Wazungu yaungane kuwa eneo moja. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakuwa na mbunge wala mmiliki mkubwa wa kuwasemea. Walichanga fedha, wakampata Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili mjini Moshi, na wakamchagua Kirilo Japhet, kijana wao, aende New York. Mwaka 1952 wawili hao waliwasilisha kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini Japhet alirudi akazunguka nchi akieleza yaliyotokea, na habari za Meru zikawa miongoni mwa vitu vilivyoipa TANU wanachama wake wa mwanzo. Sijui mfano mwingine katika nchi hii unaoonyesha vizuri hivyo kazi ya wakili kijijini. Seaton hakuwaokolea shamba lile wakati ule. Aliwapa njia ya kusikika, na wakaitumia wenyewe.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuanzisha umilikaji huru, mali ya mtu moja kwa moja na ya kuuzwa, Julius Nyerere alijibu kwa kijitabu kilichoitwa *Mali ya Taifa*. Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi ya maskini, ukiruhusu ardhi iuzwe kama bidhaa, baada ya miaka michache wachache watakuwa mabwana na wengi watwana. Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akatetewa na D. N. Pritt, wakili yuleyule aliyemtetea Kenyatta Kapenguria, akisaidiwa na mawakili wa nchini Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Alitozwa faini ya shilingi 3,000. Chama kililipa.

Baada ya uhuru kofia zikaanza kutenganishwa kwa sheria. Waziri wa kwanza wa sheria alikuwa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, msomi wa kilimo kutoka Makerere, na huyu ndiye mtu wetu aliyekaribia zaidi mfano wa Williams: mtawala wa jadi, mwanasiasa, na mshika dhamana ya sheria. Lakini mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka huohuo umilikaji huru uliobaki kutoka enzi za Wajerumani ukageuzwa kuwa mikataba ya serikali ya miaka 99. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamalizia. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutaifisha mashamba ya karafuu na kugawa eka tatu tatu.

Wapo wanaosema leo kwamba masharti yale yaliwadumaza watu wenye uwezo. Nawaelewa, na baadhi ya hasara wanazozitaja ni za kweli. Lakini nawaomba wapande basi wavuke hadi ng'ambo yoyote ya mipaka yetu, wahesabu ni nchi ngapi kijana asiye na jina kubwa anaweza kurudi kijijini kwa babu yake na kuonyeshwa pa kulima. Huko Kenya, tume ya wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti mwaka 2004, ilikuta hati zipatazo laki mbili zilizotolewa kinyume cha sheria tangu uhuru, na ikaeleza bila kuficha jinsi mawakili, wapima ardhi na wasajili walivyoshika mikono ya wanasiasa. Sisi tumeepuka ukubwa wa janga hilo.

Tulichoshindwa ni upande wa pili. Tulimnyang'anya mkubwa ardhi na hatukumpa mdogo sheria. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni walihamishwa, na wengi wakapewa mashamba yaliyokuwa ya wenzao. Walioondolewa walipoanza kwenda mahakamani miaka ya 1980, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1992 ya kufuta haki zao za kimila na kuzifunga kesi zao. Ni mkulima, Lohay Akonaay, na mwanawe walioshindana na serikali hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kunyakuliwa bila fidia ya haki. Uamuzi huo unapaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya kijiji nchini.

Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyokamilisha kazi mwaka 1992 baada ya kuwasikiliza wananchi mikoa yote, ilipendekeza ardhi itoke mikononi mwa serikali kuu: ya kijiji iwe ya mkutano mkuu wa kijiji, nyingine iwe ya tume ya taifa inayowajibika kwa Bunge. Serikali ilikataa shina la pendekezo hilo. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Wakati huohuo Azimio la Zanzibar la 1991 lilikuwa limekwisha kulegeza masharti ya uongozi. Mwanasiasa akaruhusiwa tena kuwa na kampuni na mashamba, akitakiwa tu kuandika mali zake katika fomu ya maadili. Mlango ambao Azimio la Arusha liliufunga ukawa wazi, na mkulima akabaki pale alipokuwa.

Hapo ndipo narudi Songwe. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kahawa ya Mbozi, mpaka wenye pilika za Tunduma, na dhahabu ya upande wa Mkwajuni, Saza na Mbangala. Kila kimoja kinapandisha bei ya ardhi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema madini ni ya Jamhuri, kwa hiyo mwenye shamba si mwenye dhahabu iliyo chini yake. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba au shamba lililolimwa, na amlipe mkaaji fidia ya uharibifu. Ni wangapi wanaojua kwamba ridhaa hiyo ni yao kutoa au kunyima? Wengi hukubaliana kwa mdomo na mwenye duara juu ya mgawo wa mifuko ya mawe, na dhahabu ikikolea mwenye leseni hutokea na karatasi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Akitaka kulalamika, ngazi zipo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, kisha baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Katika baraza la kata mawakili hawaruhusiwi, na nilikuwa nikiiona hiyo kuwa hekima, maana mnyonge na mwenye fedha walikaa benchi moja wakasikilizwa kwa Kiswahili cha kawaida. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza la kata uwezo wa kuamua, likabaki kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda wilayani, mahali ambapo mwenye uwezo anaingia na wakili na mwingine anaingia na mtoto wake aliyefika kidato cha nne. Mawakili wengi wa nchi hii wapo Dar es Salaam. Umbali huo una maana kubwa kwa mtu wa bonde la Rukwa anayelipa nauli kwa kuuza debe la mahindi.

Mwaka huo wa 2021 ulileta pia jambo jema, Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imezipeleka timu za wanasheria hadi vijijini. Nazishangilia hatua hizi bila kinyongo. Lakini timu inayokuja kwa siku chache huondoka na magari yake, na mgogoro wa mpaka wa shamba hauna msimu. Kinachohitajika ni msaidizi wa kisheria anayeishi katani, anayelipwa na halmashauri kama anavyolipwa bwana shamba, na asiyegombea cheo chochote pale.

Hadi atakapokuja, wanakijiji wa Mbangala wana chombo kimoja chenye nguvu kuliko wanavyoambiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 ni mkutano mkuu unaokubali au kukataa, na likizidi hapo waziri anapaswa kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Ushahidi wa kilichoamuliwa ni muhtasari, na anayeuandika ni mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Mahakamani hakuna atakayeuliza watu walipiga makofi kiasi gani, watasoma muhtasari. Kwa hiyo usomwe kwa sauti mkutano ukiwa bado umekaa, idadi ya waliohudhuria itajwe, majina ya waliopinga yaandikwe, na nakala moja ibaki kwa mwanakijiji asiye kiongozi, kabla mtu yeyote hajaondoka uwanjani.